Kanisa Dogo la Rothko

Kanisa Dogo la Rothko ni jengo la pembe nane mjini Houston, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1971 kwa watu wa dini zote na wasio na dini. Ndani mna picha 14 kubwa za Mark Rothko (1903–1970), aliyeagizwa kazi hiyo mwaka 1964 na John na Dominique de Menil. Hazina sura ya mtu wala kisa: ni weusi, zambarau na rangi ya damu ya mzee. Mwanzoni jicho huona giza tupu. Likitulia, na wingu likipita juu ya dari lipitishalo mwanga wa jua, zambarau huchomoza ndani ya weusi, na ukuta mzima huonekana kupumua. Wapo wanaolia. Rothko, aliyetaka picha zake zitazamwe kwa karibu, alifariki kabla ya ufunguzi.