Tiba ya jeni ya selimundu
Matibabu yanayorekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe. Seli hizo hutolewa mwilini, jeni ya BCL11A, inayozima himoglobini ya kijusi (ya mtoto tumboni), hudhoofishwa kwa CRISPR, teknolojia ya kuhariri jeni, kisha seli hurudishwa baada ya uboho kusafishwa kwa dawa kali za kemotherapi. Hapo mwili huanza tena kutengeneza himoglobini ya kijusi, ambayo huzuia chembe nyekundu kujikunja kama mundu. Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza ya aina hii, Novemba 2023. Marekani ikafuata Desemba. Mabadiliko hayo ya jeni hayarithiwi; kwa hiyo wazazi wanaotaka kuwaepusha watoto na ugonjwa huo huweza kupimiwa viinitete maabarani kabla ya kupandikizwa. Bei ya Marekani, dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, inawanyima tiba Waafrika, ambao ndio wagonjwa wengi zaidi duniani. Huo ni udhalimu.