Hiyo U ni ya Uhuru

Kwenye Elite Dangerous, gemu iliyotoka mwaka wa 2014, unapewa chombo kimoja kidogo na galaksi yetu nzima, mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Mingi inaboesha. Unaruka, unafika, unakuta nyota na mawe, unaruka tena. Halafu siku moja unaibukia mbele ya nyota ya nutroni: kitu kidogo kinachozunguka kama pia, kikitema mikia miwili ya mwanga. Ukiingiza chombo ndani ya mkia huo kwa uangalifu, injini inachaji na unaruka mara nne ya umbali wako wa kawaida. Ukizubaa, umeenda na maji.

Na kuna shimo jeusi. Hilo halionekani kabisa. Unagundua umelifikia kwa sababu nyota za nyuma yake zinaanza kujipinda.

Mimi hucheza hapa Shinyalu, kwa laptopu ya mitumba, stima ikikubali. Sikusomea fizikia, niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea kitu kingine kabisa. Kwa hivyo haya mambo nimeyafuata kwa akili ya mtu wa gemu. Ndani ya gemu, ukiwa wa kwanza kuuchunguza mfumo fulani, jina lako linabandikwa hapo, na kila atakayekuja baadaye ataliona. Basi ukizoea hilo, utaanza kuuliza swali lilelile kuhusu anga ya kweli: haya maajabu, nani aliyaona kwanza, na jina gani limebandikwa?

Wanaanga wana nyota wanazoziita 4U 0142+61, 4U 1820-30 na kadhalika. Tarakimu za mwisho ni mahali kitu kilipo angani, kama anwani. Ile 4 ni toleo la nne la orodha. Binamu yangu aliponiuliza hiyo U ni ya nini, alidhani namchezea nilipomjibu. Ni ya Uhuru. Neno letu hilihili.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka baharini karibu na Malindi. Sio kutoka kisiwani. Waitaliano, wakiongozwa na Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu kwenye ghuba iliyo mbele ya Ngomeni: San Marco la kurushia roketi, na Santa Rita la kuongozea shughuli. Roketi ilibeba setilaiti ya kilo zipatazo 140 ambayo makaratasi yaliiita SAS-1. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo upande wa NASA, ndiye aliyeipa jina la Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe.

Kwa nini Malindi na si Florida? Ikweta. Dunia inapojizungusha, hapa kwetu inakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki inasukumwa bure. Pia setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa kuizunguka dunia, mionzi ambayo ingevuruga vipimo. Kwa hesabu ya ikweta peke yake Shinyalu ingeishinda Malindi, sisi tuko karibu nayo zaidi. Shida ni kwamba vipande vya roketi vinahitaji bahari ya kuangukia, na mashariki yetu kuna Msitu wa Kakamega, halafu Nandi. Sidhani jirani zetu wangekubali.

Kazi ya Uhuru ilikuwa moja, na hakukuwa na setilaiti nyingine iliyoundwa kwa kazi hiyo kabla yake: kutafuta eksirei zinazotoka angani. Angahewa huzizuia zisifike chini (na tushukuru, la sivyo tusingekuwepo), kwa hivyo lazima upande juu. Mwaka wa 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo na kukuta eksirei zikitoka nje kabisa ya mfumo wa jua letu. Lakini roketi kama hizo hukaa juu dakika chache tu kisha zinaanguka. Uhuru ilikaa kazini zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha polepole na kuchungulia anga kipande kwa kipande.

Ilichoona ndicho kilichojaza gemu zetu. Kwenye kundi la nyota la Centaurus iliona kitu kikipiga kila baada ya sekunde 4.8, kama moyo, halafu kila baada ya siku mbili hivi kinapotea na kurudi. Maelezo yake: ni nyota ya nutroni inayomzunguka mwenzake na kumnyonya. Gesi inapoiangukia inapata joto la kutisha na kutoa eksirei. Inapopita nyuma ya mwenzake, inafichika.

Halafu Cygnus X-1. Hiki kilijulikana tangu 1964, lakini Uhuru ilionyesha kwamba kinameta ovyo, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hapo fikiria kidogo. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa kasi kuliko mwanga unavyoweza kukivuka, kwa hivyo kikimeta ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, upana wake haupiti kilomita 30,000. Kidogo sana kwa nyota. Lakini wanaanga wa Uingereza na Kanada walipoichunguza nyota kubwa iliyo kando yake, waliikuta inavutwa huku na huku kila baada ya siku 5.6 na kitu chenye uzito wa kutisha, kisichoonekana. Kidogo, kizito, hakionekani. Stephen Hawking alicheza dau na Kip Thorne kwamba si shimo jeusi, na zawadi ya Thorne ilikuwa jarida la picha za watu wazima kwa mwaka mzima, sitanii. Hawking alikubali kushindwa mwaka wa 1990. Giacconi alipata Nobeli mwaka wa 2002.

Sasa hili ndilo linalonikera, na silioni likisemwa hadithi hii inaposimuliwa. Mwaka wa 1967 Jaramogi Oginga Odinga alichapisha kitabu chake, Not Yet Uhuru. Jina linajieleza. Oktoba 1969 chama chake cha KPU kilipigwa marufuku naye akatiwa kizuizini. Yaani siku ile setilaiti inapaa Malindi ikiitwa Uhuru, mtu aliyesema uhuru bado alikuwa amefungiwa, hajafikishwa kortini. Hakutoka hadi Machi 1971. Townsend sina ubaya naye. Alitoa zawadi nzuri. Lakini neno lile lilikuwa linagombaniwa nyumbani wakati wageni wanalipeleka juu.

Majukwaa yale yalirusha setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988: za Italia, za Marekani, moja ya Uingereza. Ya Kenya, sufuri. Ilipofika 15 Aprili 2023 tukapata yetu ya kuangalia dunia, Taifa-1, ikabidi iende kupandia California, kwenye roketi ya SpaceX. Wasee, tuna ikweta, tuna bahari, na tulikwenda kuomba lifti.

Uhuru yenyewe ilinyamaza Machi 1973, na mwaka wa 1979 ikaanguka na kuungua angani. Orodha yake ya mwisho, iliyotoka 1978, ina vitu 339. Kimoja ni ile 4U 1820-30. Ni nyota ya nutroni na mabaki ya nyota nyingine, yamekaribiana mno hivi kwamba yanazungukana kila baada ya dakika 11. Ukiinjika chai sasa, huenda yakamaliza mzunguko kabla haijachemka.