MTIHANI WA MKANDA: GHARAMA NA RATIBA, MZAZI JIPANGE MAPEMA

Wadau, mtoto akishaanza karate au taekwondo, baada ya miezi mitatu minne swali huwa ni lile lile: "Hii hela ya mtihani ni ya nini tena, si nalipa kila mwezi?" Nimeulizwa sana na wazazi wenzangu pale kwenye benchi tunapowasubiri watoto, nikaona bora niweke kila kitu sehemu moja, mtu akihitaji aje asome. Nina watoto wawili wanaocheza karate ya Shotokan hapa Dar es Salaam, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya huko. Hata hivyo, wa Goju-ryu, judo na taekwondo mtajikuta humu humu.

Niseme jambo kubwa kabisa mwanzoni. Ada ya mtihani siyo gharama ya mtihani. Na tarehe ya mtihani inaumiza kuliko ada yenyewe. Familia nyingi ninazozijua hazikushindwa na bei. Zilishindwa kwa sababu taarifa ilikuja siku tisa kabla, tena katikati ya Januari.

MKANDA ULITOKA WAPI

Tuanze na historia kidogo, maana inasaidia kujua unalipia nini. Mfumo wa madaraja ya kyu na dan tuliuzoea kupitia judo. Kano Jigoro alianzisha Kodokan mwaka 1882 huko Japani, na mwaka 1883 akatoa dan za kwanza kwa wanafunzi wake wawili. Karate iliuchukua mfumo huo baadaye, pale Funakoshi Gichin alipotoa dan zake za kwanza mwaka 1924. Hii mikanda ya rangi nyingi, njano, machungwa, kijani na kadhalika, ilishika zaidi Ulaya, kwenye klabu za judo za miaka ya 1920 na 1930, London na Paris. Wanafunzi wa kule walihitaji kuona hatua ndogo ndogo wasije wakakata tamaa.

Kwa hiyo rangi ni ngazi za kumpa mtoto moyo. Siyo sheria ya mbinguni. Mtoto akikaa na mkanda wa kijani miezi sita badala ya mitatu, hakuna alichopoteza kichwani wala mwilini. Shika hilo, tutalirudia.

Hapa kwetu mambo haya siyo mageni. Goju-ryu imefundishwa Dar tangu miaka ya 1970, enzi za Sensei Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyekuja kufundisha pale Zanaki. Mababu wa leo ndio waliokuwa wakihangaikia mikanda hiyo wakati huo.

NGAZI NI NGAPI NA ZINACHUKUA MUDA GANI

Kwenye Shotokan mtoto anapanda kyu kwa kuhesabu kwenda chini, kwa kawaida kuanzia kyu ya 9 mpaka ya 1, halafu ndiyo dan ya kwanza, yaani mkanda mweusi. Hiyo ni mitihani 10. Rangi zinatofautiana klabu na klabu, lakini kyu tatu za mwisho huwa ni mkanda wa kahawia. Mtihani una sehemu tatu: kihon (mbinu za msingi), kata na kumite (kupambana na mwenzako). Mara nyingi kila mtihani una kata yake mpya: zile Heian tano, kisha Tekki Shodan, na kuendelea.

Klabu nyingi zinaweka angalau miezi mitatu kati ya mtihani na mtihani kwa mikanda ya chini, na miezi sita kwa mikanda ya kahawia. Piga hesabu: mitihani sita ya kwanza kwa miezi mitatu mitatu ni miezi 18, mitatu ya kahawia kwa miezi sita sita ni miezi 18 mingine. Hapo ni miaka mitatu, na mkanda mweusi bado. Hiyo ni kwa mtoto asiyeugua, asiyefeli na ambaye mzazi wake hakukosa hela hata mara moja. Mtoto wa kawaida anachukua miaka minne, mitano au zaidi, na ni sawa tu.

Wa taekwondo mnaofuata Kukkiwon ya Seoul, mjue kwamba mtoto chini ya miaka 15 hapewi dan, anapewa poom, na akifika umri anaweza kuibadilisha kuwa dan. Baada ya hapo, kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni angalau mwaka 1, ya pili kwenda ya tatu miaka 2, ya tatu kwenda ya nne miaka 3. Kwa hiyo mtu akikuahidi mtoto wako atapanda haraka kuliko hapo, muulize cheti kitatoka wapi.

GHARAMA KAMILI, SIYO ADA TU

Namba nitakazoweka hapa ni za mfano. Weka za klabu yako, hesabu inabaki ile ile.

Tuseme kwa mtihani mmoja, mtoto mmoja:

- Ada ya mtihani: 20,000
- Mkanda mpya: 10,000
- Cheti na kugongewa muhuri kwenye kitabu chake: 5,000
- Nauli na chakula, mtoto na mzazi: 12,000

Jumla 47,000. Ile 20,000 uliyoambiwa haifiki hata nusu.

Sasa watoto wawili. Ada, mkanda na cheti vinakuwa 70,000. Nauli na chakula haviongezeki mara mbili kwa sababu mzazi ni mmoja, tuseme 17,000. Jumla 87,000. Mitihani mitatu kwa mwaka ni 261,000. Kama ada ya mwezi ni 15,000 kwa kila mtoto, kwa mwaka unalipa 360,000. Maana yake mitihani peke yake inaongeza karibu robo tatu ya ada nzima ya mwaka. Hicho ndicho kinachowashtua watu, maana siku ya kujiandikisha walitajiwa ile 15,000 tu.

Uzuri ni kwamba 261,000 ukiigawa kwa wiki 52 unapata kama 5,000 kwa wiki. Ukiitenga kwenye kibubu au kwenye simu kuanzia Januari, mtihani ukija unakuta hela ipo. Ukisubiri tangazo, unaenda kukopa.

Kuna vingine ambavyo havitajwi mpaka mkanda ufike kati: vifaa vya kumite (glovu, kinga ya meno, kinga ya miguu), gi mpya kwa sababu ya zamani imekuwa fupi, na semina ambayo "si lazima" lakini asiyehudhuria haruhusiwi kufanya mtihani. Kwa mkanda mweusi, cheti cha mashirika makubwa kinaandikishwa makao makuu, Tokyo kwa JKA au Seoul kwa Kukkiwon, na malipo yake ni ya fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, bei inapanda hata kama klabu haijaongeza kitu. Halafu mara nyingi inabidi kusubiri mtahini mwenye leseni aje nchini, au mtoto asafiri kumfuata. Anza kuiwekea hela hiyo akiwa kahawia ya kwanza, usingoje ya mwisho.

RATIBA: HAPA NDIPO PENYE MAUMIVU

Kalenda ya familia ya Kitanzania ina mashimo yake. Hebu tuyapitie.

Januari: ada za shule, sare, madaftari, na mfuko umetoka kwenye sikukuu. Mtihani wa mkanda mwezi huu ni kuwatafuta watu ubaya.

Ramadhani: inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, hivyo kwa miaka michache ijayo inaelekea Februari na Januari. Mtoto aliyefunga hawezi kufanya kumite saa saba mchana na akaonyesha uwezo wake. Halafu baada ya Ramadhani kuna nguo za Idi. Klabu yenye watoto wengi Waislamu ikiweka mtihani mwezi huo, ongeeni kistaarabu, wengi wanasikia.

Machi mpaka Mei: masika. Kama ukumbi uko mbali, barabara zikijaa maji hata nauli ya kawaida haitoshi, unajikuta kwenye bodaboda na mtoto kavaa gi nyeupe.

Septemba mpaka Novemba: mitihani ya taifa. Darasa la saba Septemba, la nne Oktoba, kidato cha pili na cha nne Novemba. Mtoto wa madarasa hayo mwachie nafasi.

Kinachobaki ni mwisho wa Juni, Julai na Agosti, na wiki ya kwanza ya Desemba kabla watu hawajaenda mikoani. Kwa mtazamo wangu, klabu inayojali familia ingefanya mitihani miwili mikubwa katika nafasi hizo, na mmoja mdogo pale Ramadhani inaporuhusu. Na ingetangaza tarehe za mwaka mzima Januari, kwenye karatasi moja. Karatasi moja tu jamani, haina gharama.

MASWALI YA KUULIZA KABLA HUJANUNUA GI

1. Mitihani ni mingapi kwa mwaka, na tarehe zinatangazwa lini?
2. Ada ya kila daraja ni kiasi gani mpaka mkanda mweusi? Mara nyingi inapanda kadiri ya mkanda.
3. Ndani ya ada kuna mkanda na cheti, au vinalipiwa pembeni?
4. Mtoto akifeli, anarudia bure, nusu, au analipa upya? Na ile hela ya mkanda inarudi?
5. Nani anaamua kwamba mtoto yuko tayari, na kwa vigezo gani?
6. Kuna punguzo kwa ndugu?
7. Cheti kinatambuliwa na nani nje ya klabu hii?
8. Klabu imesajiliwa? Kwa Tanzania, vilabu vya michezo vinasajiliwa kwa msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Sensei mzuri hakasiriki ukimuuliza haya. Atakujibu, tena atafurahi. Anayekasirika amekujibu pia.

Angalia na hili: klabu ambayo kila mtoto anafaulu kila mara, na kila mwenye hela anaruhusiwa kufanya, hapo unanunua kitambaa cha rangi. Kwa upande mwingine, watahini wanakuja na gari, ukumbi unakodishwa, vyeti vinachapishwa. Ada yenyewe siyo wizi. Wizi ni kuificha.

KAMA HELA HAIPO

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Klabuni kwetu kulikuwa na kijana mmoja wa mkanda wa machungwa, mguu mwepesi, kata imenyooka. Mtihani ukatangazwa, akapotea. Baadaye tukasikia baba yake hakuwa na hela, akaona aibu kusema, akaona bora mtoto aache kabisa. Ada ya mwezi alikuwa anaimudu! Mtoto kapoteza mchezo kwa sababu ya siku moja ya mtihani ambayo haikuwa ya lazima.

Mtihani unaahirishwa. Mazoezi yanaendelea. Mtumie sensei ujumbe, usisubiri akuulize mbele za watu. Kitu kama hiki kinatosha:

"Shikamoo Sensei. Mimi ni mzazi wa yule binti wa mkanda wa njano wa Jumamosi. Mtihani wa mwezi huu hatutaweza kwa upande wa malipo. Naomba aendelee na mazoezi kama kawaida, tutajipanga kwa unaofuata. Kama kuna utaratibu wa kulipa kidogo kidogo naomba unielekeze. Asante sana."

Kama sensei ni mdogo kwako kiumri, weka salamu inayofaa, mengine yabaki hivyo hivyo. Sijawahi kuona mwalimu wa maana akimfukuza mtoto kwa ujumbe kama huo.

Na mtoto mwambie ukweli wa nyumbani kwa lugha yake: "Mwanangu, mtihani huu tunauruka, ule wa Julai utafanya." Usimwambie hajaiva kama ameiva. Atakuamini, halafu ataanza kujidharau kwa kosa ambalo siyo lake.

Njia nyingine za kupunguza makali: mikanda ya kaka inavaliwa na mdogo wake, tena wazazi wa klabu moja wanaweza kuwa na sanduku la mikanda na gi zilizopita. Sisi tulianza na mikanda minne, sasa sanduku limejaa. Chakula kitoke nyumbani. Siku ya mtihani, wazazi watatu wanaweza kumtuma mmoja na watoto wote, nauli za watu wazima wawili zimeokolewa. Dai risiti, na kitabu cha mikanda kitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa, maana mkihama mkoa ndicho kitakachomtetea mtoto asirudishwe mkanda mweupe.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mlioko Arusha, Mwanza, Zanzibar, Mombasa na kwingineko, tupeni bei za kwenu na miezi mnayofanyia mitihani, bila kutaja majina ya klabu wala walimu. Masensei nanyi mnakaribishwa, tuelezeni hesabu za upande wenu tuzielewe.