Ukoo wa Anker: Mbao, Chuma na Ardhi

Ukoo wa Anker ulihamia Norway kutoka Sweden katika karne ya 17, ukafanya makao Christiania, mji ambao leo ni Oslo. Utajiri wao ulitokana na mbao. Magogo yalielea mitoni hadi kwenye vinu vya kupasulia, vilivyoendeshwa na maporomoko ya maji, kisha mbao zikapakiwa merikebuni kwenda Uingereza. Mwaka 1778 mfalme aliwapa hadhi ya umwinyi.

Bernt, aliyezaliwa 1746, aliishika biashara ya mbao akawa tajiri mkubwa. Hakujaliwa watoto, na alipofariki 1805 aliiacha mali yake wakfu. Mdogo wake Peder, aliyezaliwa 1749, alishika ardhi: shamba la Bogstad, misitu ya Nordmarka na, kuanzia 1791, kiwanda cha chuma cha Bærum. Binamu yao Carsten alimiliki kiwanda cha chuma cha Eidsvoll. Ni katika nyumba ya Carsten ambamo wajumbe 112 walitunga Katiba ya Norway mwaka 1814.

Vita na Uingereza vya 1807 vilifunga soko, na amani iliporudi Waingereza waliendelea kutoza mbao za Norway ushuru mzito. Wakfu wa Bernt ulifilisika 1819. Carsten naye alipoteza mali yake kwa madeni. Ardhi ya Peder ilibaki.

Binti wa Peder, Karen, aliolewa 1807 na Herman Wedel Jarlsberg, mwenye ardhi kubwa, ambaye 1814 alikuwa waziri wa fedha. Wakati huo noti za Norway zilikuwa zimepoteza thamani. Mwaka 1816 ilianzishwa Benki ya Norway, na mtaji wake wa madini ya fedha ulipokosa wachangiaji wa hiari, raia walilazimishwa kuutoa. Kwa hiyo, uthabiti wa sarafu ya Norway ulijengwa pia kwa jasho la watu wasio na ukoo wa kujivunia, na historia hii haikamiliki bila wao.

Peder alifariki 1824. Kupitia ndoa za vizazi vilivyofuata, Nordmarka ilifika kwa akina Løvenskiold, ambao bado wanamiliki sehemu yake kubwa. Hata hivyo, sheria ya 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea msituni humo. Nyumba ya Eidsvoll nayo ilinunuliwa 1837 kwa michango ya wananchi, ikawa mali ya taifa. Kilichodumu zaidi katika urithi wa akina Anker ni kile ambacho umma ulipata haki juu yake.