Kiti Kimoja cha Kwenda Mafia

Sisi wa Morogoro hatuna mazoea ya ndege. Tangu reli ilipotufikia mwaka 1907, safari zetu zimekuwa za garimoshi, na baadaye za basi. Mboga za Mgeta huteremka kutoka milima ya Uluguru kwa lori hadi Dar es Salaam. Ukikosa gari moja, unangoja jingine.

Mambo ya visiwani ni mengine. Niliyajua mwaka 1984, baba mkwe wangu alipofariki huko Mafia. Nilifika Dar es Salaam alfajiri, nikaambiwa ndege imejaa hadi wiki ijayo. Nilibembeleza, haikufaa. Nikaenda Kisiju, nikapanda jahazi. Nilipoteremka Kilindoni, matanga yalikwisha kuanuliwa.

Kwa nini kiti kilikuwa adimu hivyo? Tukumbuke historia. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946, lilikufa mapema mwaka 1977, Jumuiya yenyewe ikiwa mahututi. Machi mwaka huo Tanzania ikaunda shirika lake, ATC. Likapata ndege za Boeing 737, zenye viti zaidi ya 100. Lakini ndege kubwa namna hiyo haitui ovyo kwenye kiwanja kifupi cha changarawe. Viwanja hivyo viliachiwa ndege ndogo kama Twin Otter, yenye viti visivyozidi 20. Fanya hesabu: ikienda mara mbili kwa wiki, ni viti 40 kwa kisiwa kizima. Ikiharibika, ni sifuri.

Miaka ya 1990 kampuni binafsi zikaingia, na watalii wakaja kwa wingi. Viti vikaongezeka, lakini nauli nazo zikapimwa kwa mfuko wa mgeni. Mwaka 2016 Serikali ilileta Bombardier Q400 mbili, kila moja viti 76. Ni hatua njema. Hata hivyo, tunapotangaziwa viti vipya, tuulize: vinakwenda wapi, na mvuvi atakilipia kimoja kwa samaki wangapi?

Sisi wa Morogoro tumeongezewa treni ya umeme tangu Juni 2024, na mabasi bado yapo. Mtu wa Mafia akikosa kiti, kilichobaki mbele yake ni bahari. Tunaambiwa subira huvuta heri. Ni kweli, ila maiti haisubiri zamu ya abiria.