Bato ndogo ya telekomande: nguvu ya maji ndani ya seringi

Vereni ni silinda yenye pistoni ndani. Mafuta ao maji yakisukumwa kuingia, pistoni inatoka na kusukuma kitu. Ni ile inayoinua beni ya kamyo ya mchanga. Hata usukani wa pusheri nyingi za mtoni unafanya kazi vile. Mfaransa Blaise Pascal alieleza kanuni yake katika karne ya 17: ukikandamiza maji yaliyofungwa, mkandamizo unafika sawasawa kila upande.

Kijana wa Kisangani anayetengeneza bato ya telekomande hana haja ya kuagiza vereni Ulaya. Seringi mbili za famasi na mpira wa serumu zinatosha. Lakini ziwe mpya: ile iliyookotwa nyuma ya hospitali inaweza kuleta hepatiti ao SIDA, na watoto njo wanaozichezea.

Moteri ndogo ya servo inapokea amri na kusukuma seringi ndogo. Maji yanapita ndani ya mpira, yanasukuma seringi kubwa. Kama kipenyo cha kubwa ni mara 2 ya kile cha ndogo, nguvu inakuwa karibu mara 4. Mwendo nao unapungua: ukisukuma sentimeta 4, upande wa pili inatoka 1 tu. Hakuna cha bure hapo. Kuvuta ni dhaifu kuliko kusukuma, kwa hiyo elastike inasaidia pistoni kurudi.

Adui mkubwa ni hewa. Mapovu yanabanwa, basi servo inasukuma na mkono hautikisiki. Jaza seringi na mpira vyote vikiwa ndani ya beseni ya maji. Mafuta ya moteri yaache: yanavimbisha mpira wa pistoni, inakwama, na yakivuja yanaingia mtoni tunamochota maji.

Je, kwa usukani? Mimi naona ni kazi bure. Usukani wa bato ya sentimeta 60 ni mwepesi, servo na waya mgumu vinatosha. Seringi ifae kwa mkono wa gruu, ao kwa mdomo wa baki kama ile ya kuvuka Lubunga, unaoshuka kusudi gari ipande. Weka seringi chini, katikati. Zikikaa juu, bato inalala.

Jaribu ku maji yaliyotulia. Kama ni lazima mtoni, funga bato kamba nyembamba, kusudi mkondo ukiichukua uivute, mtoto asiingie majini kuifuata.