Dhahabu ya Singida na Hesabu za Fuwele

Dhahabu ambayo tangu mwaka 2023 humiminwa Mang'onyi, wilayani Ikungi, si ya kwanza kutoka katika ardhi ya Singida. Kwani tarikhi yake yaanzia Sekenke, upande wa Iramba, ambako iligunduliwa mwaka 1909 katika zama za Wadachi, na ambako, vita kuu ilipozuka na manowari za Waingereza zikaiziba pwani hata fedha isifike kutoka Ulaya, ilichukuliwa mpaka karakana ya reli ya Tabora, ikapigwa sarafu za rupia 15 mwaka 1916, zaidi ya 16,000 kwa idadi, zenye sura ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na robo tatu za uzito wake dhahabu safi.

Kipimo hicho, ambacho masonara hukiita karati 18, kina ajabu yake. Yeyote aichanganyaye dhahabu na shaba tupu kwa kadiri hiyo, maadam atomu ya dhahabu ni nzito mara tatu hivi kuliko ya shaba, huwa amezilinganisha atomu zao karibu nusu kwa nusu pasipo kukusudia. Nazo zikipoa polepole chini ya digrii 410 hivi za Selsiasi hujipanga tabaka kwa tabaka, hili la dhahabu na hili la shaba, fuwele ikafupika upande mmoja, na madini yakawa magumu yasiyotii nyundo. Ndiyo maana sonara huitumbukiza majini ingali na moto ili iwe laini, jambo la kumstaajabisha mhunzi, ambaye chuma chake cha pua hugeuka kigumu kwa maji yale yale.

Mwaka ule ule wa 1916 Nikolai Kurnakov wa Petrograd na wenziwe wawili walichapisha uchunguzi wa mageuzi hayo. Lakini hesabu zilingoja mpaka 1934, W. L. Bragg na E. J. Williams wa Manchester walipodhani kwamba nguvu iishikayo atomu mahali pake hutegemea ni ngapi nyingine zingali mahali pao, mfano wa gwaride ambalo askari kadhaa wakitoka safuni, waliobaki hawajui tena wasimame wapi. Fikra nzuri mno, illa haikusibu kila mahali: kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu iliagua kwamba mpangilio utafifia joto likipanda mpaka uishe bila mruko, ilhali dhahabu na shaba halisi huuvunja ghafla. William Shockley akairudia kazi mwaka 1938 kwa fuwele ambamo kila atomu ina majirani 12, na hata hapo hesabu zake hazikulingana sawasawa na vipimo vya maabara.